Kimya Tulichorekodi Tawa

Daktari alisema kwa Kiswahili chepesi ili na mimi nisikie. Alisema uvimbe wa kooni kwa Ndunge umeshika mahali sauti inapotengenezewa, na mahali hapo patatolewa pote. Ataishi, Mungu akipenda. Atapumua kupitia tundu la shingoni. Lakini kuongea kwa sauti yake, au kuimba, hiyo asahau.

Ndunge hakulia. Aliuliza tu, "Lini?"

"Kitanda kikipatikana Nairobi, utapigiwa simu."

Basi tukarudi Kalamba kungoja simu.

Ndunge ni mtoto wa marehemu mwanangu, na jina hilo ni langu, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Mwanangu alikuwa akimwita mwaitu, yaani mama yangu, na mimi nilikuwa nacheka kuona mtoto wa kunyonya akiheshimiwa hivyo. Alikua akiimba. Kanisani kwetu yeye ndiye alikuwa akianzisha wimbo, wengine wanaingia nyuma yake. Mume wake aliondoka uvimbe ulipoanza kuonekana, akamwachia mtoto, Kasiva, ambaye hata kusimama alikuwa bado.

Siku hizo Ndunge akivuta pumzi ilikuwa inatoka na filimbi nyembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Mimi ilikuwa inanitisha. Kasiva haikumtisha. Alikuwa akilazwa kwenye kifua cha mama yake, filimbi inaingia, filimbi inatoka, na kabla hujamaliza kufunga leso ameshalala.

Asubuhi moja tukichambua ndengu, Ndunge akasema, "Susu," maana ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita bibi, "huyu mtoto hatawahi kujua nilikuwa na sauti gani."

"Si kuna zile nyimbo za kwaya?"

"Hizo ni kinanda na wanaume wa besi. Hebu nitafute humo ndani uone kama utanipata."

Nilizipitisha kichwani moja moja. Sikumpata.

"Na zile za simu?"

"Simu si alienda nayo." Hakutaja jina la mume. Alitupa jiwe mlangoni, akachagua lingine. "Nataka wimbo mmoja tu. Ule wa kumlaza. Mimi peke yangu, bila kinanda. Akiwa mkubwa asikie aseme, huyu ndiye mama."

"Twende kwa Mbuvi."

"Mbuvi!" Akacheka mpaka akakohoa. "Yule aliyetolewa kwaya ya watoto kwa kuimba kama punda?"

"Ndiyo maana anarekodi wengine."

Mbuvi ni mtoto wa binti yangu. Wamelelewa na Ndunge kwangu, wakila sahani moja na kupigana mchana kutwa. Studio yake iko Tawa, chumba kimoja cha matofali nyuma ya mashine ya kusaga mahindi. Ukutani amebandika trei za mayai na magunia, mlangoni ametundika blanketi langu la zamani ambalo nilikuwa nimelitafuta sana. Nililitambua, nikapita chini yake.

"Karibuni, karibuni. Ndunge, umekonda mpaka maiki itakuona wewe ndio waya."

"Na wewe umenenepa mpaka kiti kinaomba msamaha."

Kompyuta yake aliipata kwa mtu aliyefunga duka lake la intaneti, cyber. Ilikuwa imezeeka, ina mlio wa feni kama nyuki. Mbuvi akaniwekea kiti karibu, Kasiva mgongoni kwangu, akaanza kunionyesha kama mtu anayemwonyesha mgeni ng'ombe wake.

"Hii ni Linux, susu. Zile programu zingine wanataka ulipe, usipolipa zinakufungia kazi katikati. Hii ni bure. Hapa kwa Ardour ndio narekodia. Hapa kwa Audacity ndio nasafishia. Zote bure."

"Walioitengeneza wanakujua?"

"Hawanijui."

"Sasa kwa nini wakupe bure?"

Akafikiri. "Labda wameokoka."

Akanionyesha sauti inavyokaa kwenye kioo, milima midogo midogo imelala kwa mstari. Akanionyesha jinsi ya kutoka kwa wimbo mmoja kuingia mwingine bila msikilizaji kushtuka: unapunguza huu polepole huku unaongeza ule polepole, mpaka mtu anajikuta upande wa pili na hajui alivuka saa ngapi. Alinifanyia kwa nyimbo mbili. Kweli sikujua nilivuka saa ngapi.

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa amekubali kuzima kidogo, lakini wateja wake walikuwa wamekaa juu ya debe zao wakitutazama vibaya. Ndunge akaimba mara ya kwanza. Alipomaliza Mbuvi akasikiliza, akatikisa kichwa. Ndani ya wimbo kulikuwa na tik, tik, kama kuku anayedonoa sufuria.

"Kompyuta imechoka. Sauti inakuja mbio, yenyewe inachelewa kuishika, inaacha matone yaanguke." Akafunga intaneti, akafunga na vitu vingine vilivyokuwa wazi kwenye kioo. "Turudie. Hii haitakuwa na tik."

Hapo ndipo mvua ikaanguka. Makueni tunaiomba mvua mpaka magoti yanaisha, na ikachagua saa hiyo, juu ya mabati.

"Sasa?" Ndunge akauliza.

"Imba tu. Mvua nitaitoa."

"Mvua utaitoaje?" mimi nikauliza.

"Naifundisha kompyuta, susu. Nairekodia kimya cha chumba peke yake, mvua na huu mvumo wa stima, naiambia, hii ndiyo takataka. Halafu inaenda kwa wimbo wote ikiitafuta takataka hiyo na kuitoa. Lakini lazima chumba kiwe tupu, bila mtu."

Akatazama mlango. Nje maji yalikuwa yanapiga chini mpaka matope yanaruka ukutani. Akamtazama Ndunge, ambaye alikuwa ametoka tu kukohoa kwenye kitambaa. Akanitazama mimi na mtoto mgongoni. Nilimlea mimi. Hangeweza kuniambia, susu, toka kwenye mvua.

"Basi kaeni," akasema. "Tuombe kimya kimya. Mtu asiseme amina kwa sauti."

Tukainamisha vichwa. Mbuvi akabonyeza, naye akafumba macho kama sisi. Ndunge alibaki pale pale aliposimama, mdomo karibu na maiki. Nilisikia mvua. Nilisikia nyuki wa kompyuta. Nilisikia filimbi ikiingia, ikitoka, ikiingia, ikitoka. Mimi nilikuwa naomba kitanda kipatikane, na papo hapo naomba kisipatikane.

Kisha akaimba. Ni wimbo wake mwenyewe, kwa Kikamba, wa mama aliyeenda mbali kuchota maji, anamwambia mtoto asilie, yuko njiani, mtungi umejaa ndiyo maana anatembea polepole. Sauti ilikuwa imekwaruzika. Kati ya kila mstari na mwingine alikuwa anavuta pumzi na filimbi. Mstari wa mwisho ulimkataa. Akanyamaza, akameza, akaurudia, ukatoka. Kasiva alikuwa amelala zamani.

Mbuvi alijipangusa macho kwa mkono wa shati. "Hii ndiyo," akasema. "Hatutarudia."

Ng'ambo ya ukuta mashine ya kusaga ikaanza kunguruma.

Simu ya Nairobi ilikuja kwenye kisimu changu cha kubonyeza tukiwa bado tunaanua nguo za siku ile.

Ya hospitali sitayasema yote. Nilimwona Ndunge akiamka. Alifungua mdomo kuniita, mdomo ukafanya umbo la susu, na hakuna kitu kilichotoka. Akafungua tena. Alifanya hivyo mpaka nesi akaja kumshika mkono.

Tuliporudi Kalamba, Kasiva alikuwa amekaa kwa jirani siku nyingi na ameanza kusimama kwa kushika viti. Alimwona mama yake mlangoni, akatabasamu, akanyoosha mikono. Ndunge akamwinua, akamlaza kifuani. Sasa pumzi ilikuwa inatoka kwenye mrija wa shingoni. Haikuwa filimbi tena. Ilikuwa inakoroma na kububujika, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Mtoto akainua kichwa, akatazama ule mrija, akapiga mayowe kama aliyeungua. Akanyoosha mikono kwangu.

Ikawa hivyo kila siku. Mchana anacheza karibu na mama yake vizuri tu. Usingizi ukija anamkimbia. Hata kwangu hakulala vizuri. Alikuwa anageuka geuka, anasikiliza, analia, anachoka, ndiyo analala. Ndunge alikuwa anakaa mlangoni akiwa ametugeuzia mgongo.

Wimbo tuliusikia kanisani mara ya kwanza. Mbuvi alikuwa ameuleta kwa flashi akampa Mchungaji Kaloki, kwa sababu alitaka iwe heshima. Redio moja ya Kikamba ilikuwa imeshaucheza mara mbili. Mchungaji akasema, "Watu wa Mungu, dada yetu hawezi kutuimbia tena, lakini sikilizeni Bwana alichotuachia." Spika zikafunguliwa.

Ulikuwa safi. Mvua haikuwako. Mvumo haukuwako. Maneno yalikuwa yanafuatana kama shanga zilizooshwa, na kati yao hapakuwa na kitu. Palikuwa pametobolewa. Ule ukwaruzo wa sauti ulikuwa umelambwa, na mwisho wa kila neno kulikuwa na mtetemo mdogo, kama mtu anayeimbia ndani ya debe la bati. Wanawake walikuwa wanalia. "Sauti ya malaika," nikasikia nyuma yangu. "Ningejua, ningemwambia aimbe peke yake zamani."

Ndunge hakuwatazama. Alikuwa anamtazama Kasiva kwenye mapaja yangu. Wimbo wake wa kulala ulikuwa umejaza kanisa zima, na Kasiva alikuwa anavuta nyuzi za leso yangu, hakuinua hata kichwa. Ulipofika mwisho alikuwa bado anavuta nyuzi.

Nyumbani Ndunge akachukua daftari lake la kuongelea. Mimi nasoma polepole, shule yangu iliishia pale baba alipohitaji mtu wa kuchunga mbuzi, na Ndunge hungoja nikipitisha kidole. Alikuwa ameandika: *Yule ni nani?*

"Ni wewe, mwaitu."

*Si mimi. Yule hapumui.* Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. *Mwambie anipe yangu. Yenye mvua.*

Nikaenda Tawa. Mbuvi alinipokea kwa furaha.

"Umesikia, susu? Wale wa redio wamesema hawajawahi kupata kitu safi hivi kutoka huku kwetu. Walikuwa wanatudharau, ati nyimbo zetu zimerekodiwa kwa sufuria."

"Ndunge anataka ile yenye mvua."

"Ya nini? Hii ndiyo nzuri."

"Anasema haina pumzi yake."

Akataka kucheka, kisha kicheko kikasimama. Akageukia kompyuta, akavaa hedifoni, akausikiliza wimbo kutoka mwanzo. Nilimwona uso ukibadilika kidogo kidogo. Akavua.

"Ile siku ya mvua," akasema. "Kile kimya."

"Tuliomba."

"Ndiyo. Na Ndunge alikuwa kwenye maiki. Alikuwa anapumua kwenye maiki, susu. Mimi nikaiambia kompyuta, hii ndiyo takataka. Kila mahali ilipomsikia akipumua, ikatoa. Kila mahali sauti yake ilipofanana na ile filimbi, ikatoa."

"Uliionyesha ndengu ukaiambia ni mawe."

Akaizungusha hedifoni mikononi.

"Na hukusikia ulipokuwa unasafisha?"

"Nilisikia ni safi." Aliweka paji la uso kwenye meza. "Nilifurahi. Nilisikia ni safi, nikafurahi."

Wateja wa kusaga walikuwa wanabishana nje juu ya zamu. "Sasa ile yenyewe iko wapi?"

Aliongea akiwa bado ameinama. "Nilifuta. Diski ni ndogo. Nikimaliza kazi nafuta za zamani nipate nafasi. Kwaya ya Kasikeu walikuwa wanakuja."

"Kufuta ni kama ubao?"

"Si kama ubao. Ni kama kung'oa alama za mpaka. Mimea inabaki shambani mpaka mwingine aje alime juu yake."

"Na hao wa Kasikeu walilima?"

"Waliimba mchana kutwa, susu. Walikuwa wengi."

Sikumgombeza. Ningemgombeza angelia, na akilia nani atashika ile kompyuta? Nilimwuliza kama kuna njia ya kutafuta kilichobaki. Akasema iko, programu nyingine, bure pia, inayopita kwenye diski yote ikiokota vipande. Lakini vinarudi bila majina, vingi, vimekatika, na lazima mtu avisikilize kimoja kimoja. Yeye ana watu wa kurekodi.

"Mimi sina watu wa kurekodi," nikasema. "Niwekee."

Tangu siku hiyo nikawa naenda Tawa asubuhi na kurudi jioni, Kasiva nikimwacha na mama yake. Mbuvi alinifundisha mahali pa kubonyeza. Nilisikiliza kama ninavyochambua ndengu, chache kwa wakati, bila kuruka. Nilisikia harusi ya watu nisiowajua. Nilisikia mhubiri akisema "Na Yesu akam—" na hakumaliza. Nilisikia mbuzi. Nilisikia vijana wakitukana, halafu mmoja anasema, wee, bado inarekodi. Nilisikia Kasikeu, Kasikeu, Kasikeu. Ni kwaya nzuri. Niliwachukia kila mmoja wao.

Siku moja nikampata. Ilikuwa ule wa kwanza, wenye tik tik. *Usilie, niko nji—* na hapo hapo wanaume wa Kasikeu wakamwangukia juu na haleluya. Nilimwita Mbuvi. Aliusikiliza akiwa amesimama.

"Hakuna zaidi ya hiyo?"

"Endelea kutafuta," nikamwambia, ingawa mimi ndiye niliyekuwa natafuta.

Wimbo wenyewe hatukuupata. Tulifika mwisho wa vipande vyote na haukuwako. Nilirudi nyuma kwa vile vidogo sana ambavyo Mbuvi alisema havina kitu ndani, maana milima yao kwenye kioo ilikuwa imelala tambarare kabisa. Kimoja nilikifungua nikasikia mvua. Nikasikia nyuki. Kisha filimbi ikaingia, ikatoka, ikaingia, ikatoka. Nyuma yake, mbali, kulikuwa na pumzi nzito ya mwanamke mzee anayeomba vitu viwili visivyopatana.

Ndicho kile kimya. Alikirekodi kama kitu cha peke yake, kifupi, na wa Kasikeu hawakukifikia.

"Hicho ndicho kilichoharibu kila kitu," Mbuvi akasema.

"Niwekee kwa simu."

"Susu, hicho si wimbo. Hata sauti yake haimo."

"Niwekee. Kikiisha kirudi mwanzo chenyewe. Unaweza?"

"Naweza." Alikaa, akakiunganisha mwisho na mwanzo polepole, akihakikisha hakuna mahali panaposhtua. Hakukisafisha. Alipomaliza alinipa simu yake mwenyewe, akakataa nisimrudishie.

Nilimkuta Ndunge amekaa kwenye mkeka nje ya jikoni, Kasiva anasinzia na kulia mbele yake, hataki kuguswa. Nikamwambia ukweli kwanza, kwamba wimbo umeisha, haupo tena duniani ila ule safi wa redio. Aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyekuwa ameshajua. Ndipo nikabonyeza.

Mvua ikaanza. Aliposikia filimbi yake, mkono ulienda shingoni, ukashika mrija.

Kasiva akanyamaza. Aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta. Akamtazama mama yake kifuani, na mimi nikadhani atamwendea. Kisha akashuka kwa magoti, akampita mama yake, akafika kwenye simu iliyokuwa mkekani. Akalaza sikio juu yake. Hakuchukua muda, macho yakafunga.

Ndunge alikuwa amefunika mrija kwa kiganja na kitambaa ili mkoromo usimwamshe. Alibaki hivyo mpaka nikaona midomo inabadilika rangi, nikamtoa mkono mimi mwenyewe. "Pumua," nikamwambia. "Wewe ndiye unayehitajika."

Akapumua. Mtoto akakunja uso lakini hakuamka.

Ikawa ndiyo kulala kwa Kasiva, mchana na usiku. Wimbo bado unachezwa redioni, na watu wakinikuta sokoni wananishika mkono wananiambia sauti ya malaika. Nawaambia asanteni.

Jana mchana Ndunge alilala ubavu kwenye mkeka, simu ikiwa kati yake na mtoto. Nikaona anavuta pumzi pamoja na ile ya simu. Filimbi ikiingia, mrija unaingia. Filimbi ikitoka, mrija unatoka. Mbili zikawa zinatembea pamoja. Alipoona Kasiva ametulia, alinitazama, akanionyesha kwa kidole: punguza ile ya simu. Nilikumbuka zile nyimbo mbili za Mbuvi. Nikapunguza kidogo. Mvua ikarudi mbali. Nikapunguza tena kidogo. Mkoromo ukaanza kusikika juu ya filimbi.

Kasiva akafungua macho. Akautazama ule mrija, mdomo ukaanza kukunjamana.

Ndunge akainua kidole juu haraka, nami nikaongeza, mvua ikajaa tena mkekani, mtoto akafumba macho. Kisha Ndunge akavuta daftari, akaandika, akaningoja nisome.

*Amefika wapi kabla ya kuamka?*

Nikamwonyesha mahali kidole changu kilipokuwa kimefika kwenye mstari wa kupunguzia sauti ya simu. Hapakuwa mbali na mwanzo. Akachukua kalamu, akaweka alama ndogo ya wino kwenye kioo cha simu, pale pale, akajilaza tena.